Kitabu Tulichogawana kama Mbuzi

Naandika nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya friji, kwa sababu kukaa kulinishinda tangu utotoni na kustaafu hakukuniponya. Mama yangu alikuwa akisema nina mchwa kwenye nyayo. Kwa hiyo nyinyi vijana wa sekondari mtakaosoma habari hizi, mkiona zinaruka kutoka hapa kwenda pale, msimlaumu mwalimu wenu wa Kiswahili. Laumuni miguu yangu.

Nimetunza maktaba za shule karibu maisha yangu yote ya kazi. Oneni mambo ya dunia: mtu asiyeweza kukaa kitako anapewa chumba ambacho kazi yake ni watu kukaa kitako. Nimezunguka shule kadhaa za mkoa wa Dodoma, lakini chumba ninachotaka kuwasimulia ni kimoja tu, maktaba ya sekondari ya bweni upande wa Kongwa, jinsi kilivyotaka kugeuzwa kuwa cha mashine ya kusaga, na kitabu nilichokifumua ili kisigeuzwe.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara. Madukani vitu vilikuwa vimerudi: sabuni za kunukia, dawa ya meno, redio za kaseti, na mitumba imemwagwa chini mpaka unachagua ukiwa umechoka. Shuleni mambo yalikuwa kinyume, vitu vilikuwa vikiondoka. Chaki ikapungua, mafuta ya taa yakapungua, na tukaambiwa wazazi wachangie na kila shule ijitafutie. Wakuu wa shule wakikutana kikaoni, baada ya hujambo swali lililofuata lilikuwa, "Mradi wako ni nini?" Mmoja anafuga kuku, mwingine ana duka, mwingine bustani ya mchicha. Wa kwetu alikuwa hana la kujibu, na jambo hilo lilimnyima raha.

Chumba chenyewe kilikuwa kirefu, cha bati, kimeachwa na watu wa ule mradi wa karanga wa enzi za Waingereza. Upepo wa kule ukivuma, bati linapiga kelele na vumbi linaingia kupitia kila upenyo. Aliyenitangulia alikuwa mtu mwema aliyeogopa jambo moja tu duniani, kitabu kupotea. Aliviweka karibu vyote kabatini, akapiga kufuli, na wanafunzi wakaruhusiwa kuvitazama kupitia kioo kama keki ya harusi ya mtu mwingine. Nakiri hakuna hata kimoja kilichopotea. Nilipofungua makabati nilikuta baadhi ya vitabu bado kurasa zimeshikana, hazijawahi kuona jicho la mtu.

Vilivyoachwa nje ya kabati ni vile vya msaada kutoka ng'ambo. Watu walitupa kwa moyo safi na mimi si mtovu wa shukrani. Lakini kulikuwa na kitabu kinene cha namna ya kumtandika farasi, na kingine cha kuteleza juu ya theluji, na sisi pale kiangazi kilikuwa kikifika tunanawa uso kwa zamu.

Nikaanza kuhangaika. Kwanza nikasimama mbele ya wanafunzi mstarini asubuhi, nikasema vitabu ni hazina. Neno hazina likatosha kuwalaza wakiwa wima. Kisha nikabandika tangazo mlangoni, "Kitabu Kizuri cha Wiki Hii," nikaweka kitabu chini yake juu ya meza. Walikikwepa kama wanavyomkwepa mwalimu wa zamu. Ndipo nikajifunza jambo ambalo wenzangu wengi wanaofanya kazi hii hawalijui mpaka leo. Kijana wa miaka kumi na mitano usimwambie kitabu ni kizuri. Mwambie kipo, ila kwa sasa kiko kwa mtu mwingine.

Siku moja Mkuu wa shule akanikuta natembea kutoka kabati hadi kabati. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya upole, shati lake daima limepigwa pasi.

"Bi Saada, jana wameingia wangapi maktaba?"

"Wawili, Mkuu."

"Kusoma nini?"

"Mmoja alikuwa anamtafuta mwenzake."

"Na huyo mwenzake?"

"Alikuwa amelala."

Akatazama dari, akatazama sakafu ya saruji. Niliona macho yake yanapima. Akaniambia kuna mashine ya kusaga inauzwa, na kwamba chumba hiki kina sakafu imara na mlango mpana. Tungesaga mahindi yetu badala ya kuyapeleka mbali, tungewasagia wanakijiji, na watoto wangeongezewa uji.

"Njaa haijui kusoma, Bi Saada."

"Na mashine haijui kufundisha, Mkuu."

"Lakini mashine ina kazi ya kufanya," akasema, na hakusema kwa ubaya.

Hakuwa mtu mbaya kabisa, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Mtu mbaya unamchukia, ukajilalia usingizi wako. Huyu alikuwa na haki. Watoto kweli walikuwa na njaa. Jambo lenyewe lingeamuliwa kwenye mkutano wa wazazi baada ya likizo, mbele ya kila mtu, na kama chumba kingekwenda, vitabu vingerudishwa kwenye makasha na mimi ningekuwa karani wa stoo ya mahindi. Sikuwa na raha siku zile. Nilikuwa nikianza chai naiacha, nikianza barua naiacha.

Sasa sikilizeni wazo lilikotoka, maana halikutoka chuoni.

Shangazi yangu alifariki Dodoma mjini, tukafanya hitima nyumbani kwao, ukoo wetu wote wa watu wa mjini ambao mababu walikuja na misafara ya biashara wakasahau kurudi. Kwa msiojua, kwenye hitima Kurani huwa imeshonwa kwa juzuu, sehemu thelathini, kila moja kitabu chake chembamba, zote ndani ya sanduku moja. Sanduku linapita, kila mtu anachukua juzuu yake, watu wanasoma kwa pamoja. Mwenye kasi akimaliza anamsaidia mzee mwenye macho mabovu. Wali haujaiva bado, Msahafu mzima umesomwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwa taabu upande wa wanawake, magoti yanacheza, juzuu mkononi, nikawaza: huu ni msahafu mmoja, na watu waliojaa nyumba nzima wanausoma saa hii hii.

Msinielewe vibaya. Kitabu cha Mungu ni cha Mungu na hadithi ni hadithi. Nilichoiba ni namna ya kugawana tu.

Aliyekuwa akizishona juzuu zile ni ami yangu, Ami Sefu, ndugu wa marehemu baba. Ndiye aliyenifundisha sindano nikiwa msichana. Nilimfuata barazani hata kabla watu hawajatawanyika.

"Unataka kuchana kitabu kizima, Saada?"

"Kukigawa, Ami."

"Juzuu zinajulikana zinapoanzia na zinapoishia. Hadithi utaikata wapi?"

"Panapouma."

Alicheka mpaka akakohoa, akaniambia nisimtaje jina nikikamatwa. Lakini alinipa sindano mbili nzuri na donge la nta ya nyuki.

Nyinyi mnaotaka kujua kazi hii, kitabu kizuri cha zamani hakikubandikwa tu kwa gundi. Ukikitazama mgongoni utaona kimekusanywa kwa mikunjo, karatasi zimekunjwa pamoja na kushonwa katikati. Unafungua mkunjo, unapitisha wembe kwenye uzi, uzi tu, karatasi usiiguse hata kidogo. Kila sehemu unaishona upya kwa uzi uliopakwa nta, unaivalisha jalada la karatasi ya mfuko wa saruji, ile ya ndani iliyo safi. Gundi unapika uji mzito wa unga wa ngano, unachanganya na maji ya majani ya mwarobaini, maana gundi tamu mchwa wanaiona sikukuu. Mara ya kwanza nilisahau mwarobaini. Nilirudi baada ya siku chache nikakuta majalada yamekuwa nyavu.

Nilikuwa na hadithi moja tu ya Kiswahili niliyoamini vijana wangeipenda, nakala moja, imebaki bila jalada wala kurasa za mbele. Jina lake silijui hadi leo, wala aliyeiandika. Ilikuwa habari ya mwanamke aitwaye Sikudhani, anayeteremka kutoka milimani kumtafuta mumewe aliyekwenda kukata mkonge na hakurudi. Nikaigawa sehemu tano, na kila sehemu niliikata panapouma.

Kosa nililofanya lingefanywa na mtu wa ukoo wetu tu. Niliigawa kama hitima! Niliwaita wanafunzi watano wa kidato cha pili, nikawapa sehemu tano kwa wakati mmoja, nikawaambia wasome. Juzuu yoyote unaweza kuanza nayo, thawabu ni ile ile. Hadithi haiko hivyo, na mimi kwa haraka zangu sikuwaza. Baada ya muda nikasikia ugomvi.

"Sikudhani ni mpishi, tena mkali," alisema Halima, msichana wa Busi kule Kondoa, ambaye mpaka siku ile sikuwahi kusikia sauti yake. "Amemmwagia mnyapara mchuzi."

"Si kweli," akasema Yona, mtoto wa wafugaji wa Zuzu. "Huyu wa kwangu hasemi hata neno. Amenyamaza ukurasa mzima."

"Basi si yeye."

"Ndiye. Jina si hili hapa?"

"Kwa nini amenyamaza?"

"Nitajuaje? Madam, hapa hatusomi, hapa tumegawana mbuzi. Mimi nimepewa mkia, mbuzi mwenyewe sijui hata alikuwa wa rangi gani!"

Wakacheka wote. Nikataka kuwanyamazisha, mkono umeshanyanyuka, nikauteremsha. Zilikuwa kelele za kwanza kusikika ndani ya chumba kile tangu nifike. Walikuwa wakigombea jambo lililo kitabuni, na kila mmoja akaanza kumdai mwenzake sehemu yake ili ahakikishe.

Kuanzia hapo majina yakawa yale ya Yona. Sehemu ya kwanza kichwa, ya pili shingo, halafu mbavu, paja, na mwisho mkia. Nikatunga sheria. Unaanza na kichwa. Hupati shingo mpaka umtafute mwenye nayo wewe mwenyewe, na yeye hakupi mpaka umsimulie kichwa kilivyokwenda. Mimi sikuweka zamu wala sikumwita mtu. Nilijitembelea tu, kazi ninayoiweza. Na sheria moja kuu: mwenye kusoma mkia hasimulii mkia. Akisimulia, mbuzi mwingine hamgusi.

Vijana, mambo yaliyofuata yalinitia wazimu wa furaha. Walikimbizana na vipande vile kutoka bwenini hadi bombani, kutoka bombani hadi uwanja wa mpira. "Nani ana shingo?" ilisikika foleni ya chakula. Siku moja nilimkuta dada wa jikoni amekalia gunia la maharage, maharage yanaungua, naye yuko kwenye paja. Nikafumua kitabu cha pili, na cha tatu. Hata kile cha farasi nilikifumua, na mtasema naongopa, lakini Yona alikisoma chote na kutangaza kwamba Wazungu hawajui kumpanda punda. Walipoona kipande hakiwaogopeshi kwa unene, waliomaliza wakaanza kuulizia vile vizima vya kabatini. Niliondoa kufuli zote nikazitia kwenye ndoo.

Hapa nitasimama niwape lile ninaloweza kuwapa. Ukiingia maktaba ya shule yenu, usianze na kilicho kisafi. Tafuta kilichochoka, chenye pembe zilizoliwa na alama ya kidole chenye mafuta, hicho kina mashahidi. Usisome sifa za nyuma ya jalada, aliyeziandika alilipwa akisifie. Fungua katikati, soma ukurasa mmoja ukiwa umesimama. Ukigundua umeshakaa chini bila kujua, kibebe uende nacho. Na kama hakikukukamata, kirudishe bila aibu, kitabu si ndoa. Mnaniambia mna simu siku hizi. Sawa, na sisi tulikuwa na vibanda vya video vilivyotupigia kelele usiku na mchana. Kijana mwenye hamu hajawahi kukosa pa kuipeleka, shida yetu sisi watu wazima ni kumfungia mlango wa upande huu wa vitabu.

Lakini turudi, maana furaha ile haikudumu. Mkuu alimkamata mwanafunzi anasoma shingo wakati wa hesabu. Akaja nayo maktaba, ameishika kwa vidole viwili.

"Bi Saada, umechana mali ya serikali?"

"Nimeishona upya, Mkuu."

"Vipande vipande?"

"Kama inavyoliwa."

Hakucheka. Aliniambia kwa ile sauti yake ya upole kwamba amevumilia kelele, amevumilia maharage yaliyoungua, lakini kitabu kilikuwa kimoja na sasa hakipo. Atawaonyesha wazazi kipande hicho siku ya mkutano, nao waamue juu ya chumba na juu yangu mimi. Aliondoka nacho. Niliogopa, sisemi uongo. Mama wa watoto wanne, mume wangu yuko mbali kikazi, na mimi nafukuzwa kazi kwa kuchana kitabu! Nikakishona kipande kingine cha shingo kwa kunakili kwa mkono, maana foleni ilikuwa ndefu.

Likizo ikafika. Halima akanijia mlangoni, mkoba kichwani.

"Shikamoo Madam. Naomba mbavu niende nazo nyumbani."

"Umeshazisoma."

"Kichwa na shingo niliwahi kuwasimulia likizo fupi. Sasa wananidai kilichofuata. Nataka wasikie maneno yenyewe."

"Na paja?"

"Liko kwa mwenzangu, hajamaliza. Nitawapa hizi tu."

Kitabu cha shule kwenda likizo, tena Busi, tena kipande! Mkuu angesikia angenimaliza siku hiyo hiyo. Nilimpa. Nilizifunga ndani ya kanga yangu ya zamani ili zisipate vumbi la basi, nikamwambia arudi nazo au asirudi. Akarudi nazo, na mara akalipata paja, kisha akaanza kumwinda mwenye mkia. Siku ya mkutano ndiyo siku aliyokabidhiwa mkia, akiwa bado hajaufungua.

Siku hiyo madawati yalitolewa nje, yakapangwa kwenye kivuli cha ukuta wa maktaba, na mlango mpana ukaachwa wazi ili wazazi wakione chumba. Walikuja wa karibu na wa mbali, watumishi wa serikali kutoka Dodoma mjini na viatu vinavyong'aa, wakulima, wafugaji na fimbo zao. Wanafunzi walisimama nyuma. Mimi nilikuwa nikitembea kando kutoka kona hadi kona mpaka mama mmoja akaniuliza kama naumwa.

Mkuu alisema vizuri. Alieleza uji, alieleza umbali wa mashine, alieleza bei. Watu wakaitikia kwa vichwa. Kisha akainua ile shingo juu.

"Na hivi ndivyo maktaba yetu inavyotumika kwa sasa. Hiki kilikuwa kitabu."

Minong'ono ikapita. "Mwalimu kachana kitabu?" "Yule pale anayezunguka?" Mkuu akauliza kama kuna mwenye neno kabla ya kuamua. Katikati akasimama mwanamume mfupi, kofia mkononi.

"Mimi naitwa Iddi, nimetoka Busi. Halima yule ni wangu. Mkuu, habari ya mashine nimeisikia, ni nzuri. Lakini mimi nina swali la hicho ulichokishika."

"Sema, mzee."

"Mtoto alikuja likizo na kikaratasi kama hicho. Akatusomea jikoni, kila siku kidogo, anageuza kwa Kirangi kwa ajili ya bibi yake. Majirani wakaja. Basi kikaisha yule mwanamke kasikia mumewe yuko shamba fulani, kakusanya vyombo vyake. Tukamwuliza mtoto, akafika? Akasema kilichobaki kiko shule. Sasa tangu likizo nyumbani hakuna amani. Bibi yake anasema kafika. Mama yake anasema kafa njiani. Mama yake kaniambia hivi, ukienda mkutanoni ukarudi bila jibu, usirudi." Wazazi wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, alinigeukia mimi. "Mwalimu, nakuomba. Alifika au hakufika?"

Watu wote wakanigeukia. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka nimjibu, kwa heshima ya mtu aliyetoka mbali. Nikakifunga.

"Sisemi."

"Bi Saada," akasema Mkuu, "mjibu mzee tuendelee."

"Sisemi, Mkuu. Jibu limo ndani ya chumba hiki. Kikiwa cha mashine, amueni kwanza jibu mtaliweka wapi."

Watu wakaguna. Mzazi mmoja wa mjini akasonya. "Mwalimu, si utuambie tu kwa kifupi? Tuna safari."

"Mama, ukisimuliwa pilau unashiba?"

Niliona nimevuka mpaka. Mkuu alikuwa amekunja uso kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mzee Iddi akainamisha kichwa, akageuzageuza kofia yake.

"Mwalimu, mimi kusoma sijui."

Hapo nikaona aibu, na sauti yangu ikarudi chini. "Unaye anayejua, baba. Na mkia anao mkononi."

Halima akapita katikati ya watu, akaingia ndani, baba yake nyuma yake. Wengine nao wakainuka, kwanza wachache, kisha wote, hata yule mwenye safari. Chumba kikajaa, watu wakaegemea makabati, akina mama wakakaa sakafuni. Mkuu alikosa nafasi akabaki mlangoni. Halima akasimama kando ya meza, akasoma kwanza sehemu ya mwisho ya paja ili wasipotee, kisha akafungua mkia, ambao hata yeye hakuwahi kuusoma. Yona alikuwa dirishani, midomo yake inakwenda pamoja naye, maana aliujua kwa moyo, na hakutoa sauti.

Sikudhani alifika. Alimkuta mumewe amekaa nje ya kibanda, macho yamekwisha kwa moshi na vumbi la mkonge, na mke mwingine anamlisha. Mume akasikia hatua za mtu, akadhani ni msafiri, akamkaribisha maji. Sikudhani akayanywa. Huo ndio ule ukurasa alionyamaza. Kisha akarudisha kata, akashukuru kwa sauti ambayo si yake, akashika njia ya kurudi milimani.

Mama mmoja akajifuta pua kwa ncha ya kanga, na mwingine akasema kwa hasira, "Angemwambia! Angemtajia jina lake!" "Ili iweje?" akajibiwa. "Ili ajue." "Na yule mwenzake amlishaye?" Wakaanza wote kwa pamoja, wenye viatu vya kung'aa na wenye fimbo, wanakatishana maneno, na mimi nimesimama. Nawaapia, nilisimama pale pale bila kusogeza mguu.

Mkuu alijaribu kuwarudisha kwenye ajenda. Yule mama mwenye safari akamgeukia. "Mwalimu, mashine ile si ina ngurumo? Itatuzibia masikio humu. Tafuteni pengine." Mfugaji mmoja akasema tofali si tatizo, udongo upo, wazazi watafyatua, banda lijengwe nyuma ya jiko. Mikono ikanyanyuka. Mkuu akaitazama, kisha akaingia ndani kwa kujibana, akaiweka ile shingo mezani mahali pake.

Watu walipoanza kutoka, Mzee Iddi alibaki. Alikuwa amesimama mbele ya rafu, mikono nyuma, akivitazama vitabu vile asivyoweza kuvisoma.

"Umeridhika, mzee wangu?" nikamwuliza. "Umepata jibu la kupeleka."

Akatikisa kichwa polepole.

"Jibu hili zito, mwalimu. Siwezi kumpelekea mke wangu hili peke yake." Akanyoosha kidole kwenye rafu. "Kingine kipo?"